Kuonja vyakula vya mataifa EPCOT pamoja na mama mkwe na watoto: tuipange vipi siku moja?

Mwanatanga wa Columbus

Assalaam aleikum, na habari za wakati huu kwenu nyote.

Mwezi wa Oktoba, Mwenyezi Mungu akitujaalia uzima, tutasafiri kwenda Orlando, na siku moja ya safari hiyo tumeitenga kwa ajili ya EPCOT, bustani ya burudani ya Disney. Mume wangu amevutiwa hasa na upande wa nyuma wa bustani hiyo, unaoitwa World Showcase, ambako nchi 11 zina mabanda yao kuzunguka ziwa, kila banda likiwa na majengo, maduka na vyakula vya kwao. Alivutiwa zaidi aliposoma kwamba majira hayo huwa kuna tamasha la vyakula na mvinyo, ambapo vibanda vidogo vya nchi nyingine huongezwa njiani na kuuza sahani ndogo za kuonja. Yeye anataka tuzunguke nchi zote, tule kitu kimoja katika kila nchi, kisha turudi hotelini tukiwa tumeimaliza dunia. Mimi naona jambo hilo haliwezekani kwa watu tulio nao, na ndiyo sababu naleta swali langu hapa kabla hatujanunua tiketi.

Tutakuwa watu 6. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Amepita miaka 70, ana kisukari, anatembea vizuri lakini polepole, hagusi nyama ya nguruwe wala kitu chochote chenye pombe, na maisha yake yote amekuwa mpishi ambaye watu humwita kwenye shughuli zao. Ukimwambia aonje, atauliza kwanza ndani kumetiwa nini, nami nataka niwe na jibu la kweli la kumpa, kwa sababu siwezi kumlisha mzazi wa mwenzangu kitu cha kubahatisha. Watoto ni watatu: binti wa miaka 13 ambaye hula kila kitu, kijana wa miaka 9 ambaye kwake chakula ni chipsi na kuku basi, na mdogo wa miaka 4 ambaye kutwa nzima hutaka kitu kitamu mkononi.

Kwa familia ya namna hii, je, ni bora kula kwenye vibanda vya tamasha au kukaa mezani katika mgahawa mmoja? Ni nchi zipi ambazo chakula chake kinastahili foleni na fedha? Na mzee mwenye masharti ya chakula huonjeshwaje pasipo kumfanya ajione amekuwa mzigo kwa wenzake? Fedha ya chakula kwa siku hiyo ni dola 200, na haitapanda.

Jirani wa Kissimmee

Waaleikum salaam dada, na shikamoo yangu imfikie mama. Naishi karibu na bustani hizo na huenda EPCOT mara kwa mara na familia yangu, hivyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na hesabu ya shemeji. Kiingilio cha bustani, ambacho kwa mtu mzima ni zaidi ya dola 100, kinatosha pia kwa tamasha, lakini chakula hulipiwa kando. Sahani nyingi za vibandani huuzwa kati ya dola 5 na 10, na ukubwa wake ni matonge matatu au manne ya mtu mzima. Watu 6 wakila kila mmoja sahani yake katika nchi 11, hizo ni sahani 66, na dola 200 zitakwisha kabla hamjafika nusu ya ziwa. Mkinunua sahani moja kwa kila nchi mkagawana, fedha itatosha, lakini mtakuwa mmepanga foleni mara 11 kwa ajili ya tonge moja moja, tena mkiwa mmesimama, kwa maana karibu na vibanda kuna meza chache za kusimamia na viti ni vya kugombea. Kwa mzee na mtoto wa miaka 4, gharama kubwa ya siku hiyo ni miguu kuliko dola. Kwa hiyo ushauri wangu ni mchague mahali patano au sita tu, na kila mahali mnunue sahani mbili au tatu za kitu kile kile, mtafute kivuli, mkae, mle pamoja kwa utulivu, ndipo muamue kama mnaongeza au mnasonga mbele.

Sasa njia. Barabara ya kulizunguka ziwa ni karibu kilomita 2, na mabanda yamepangwa hivi kwa anayeanzia kushoto: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Sehemu ya mbele ya bustani hufunguliwa asubuhi, ilhali kwa kawaida World Showcase hufunguliwa saa tano. Watoto na wapande michezo yao huko mbele asubuhi, na ifikapo saa tano muwe tayari kwenye mlango wa Mexico. Kaingieni ndani ya lile jengo la piramidi, kwa sababu ndani kuna kiza cha jioni ya kutengenezwa, kuna soko, na kuna safari fupi ya mashua isiyokuwa na vitisho, ambayo mama ataifurahia akiwa ameketi.

Halafu Norway, na hapa msipite bila kununua. Kwenye duka lao la mikate, Kringla Bakeri og Kafe, huuzwa andazi linaloitwa School Bread: ni mkate laini wenye iliki, katikati una kastadi, na juu umepakwa sukari na kunyunyiziwa nazi iliyokaangwa kidogo. Mtu wa Tanga ataitambua iliki kabla hajaambiwa. Ni tamu sana, kwa hiyo mama amegewe pembeni, mahali ambapo sukari ya juu haijafika, na kilichobaki kitapata wenyewe. Mdogo wa miaka 4 hatakubali kilale.

Kutoka Norway, familia na igawanyike. Shemeji na binti mkubwa waendelee kwa miguu kupitia China, Ujerumani, Italia, Marekani na Japani, waonje wanavyotaka, na hamu ya kuzunguka nchi zote itakuwa imepata njia yake. Wewe, mama na wadogo mrudi hatua chache hadi gatini, kwa sababu kuna mashua zinazovuka ziwa kutoka upande wa mbele hadi Ujerumani na hadi Moroko, na nauli yake imo ndani ya tiketi. Pandeni ya Moroko. Mtakuwa mmeruka sehemu ndefu kuliko zote na yenye vivuli haba, na hata hivyo kwa masharti ya mama huko Ujerumani hakuna kikubwa cha kula: soseji za nguruwe ndizo zinazotawala, na tamu yao ya kufungasha, bisi zenye karameli zinazotengenezwa mbele ya macho yenu, shemeji anaweza kuwaletea.

Moroko ndipo mahali pa kukaa muda mrefu. Banda hilo lilifunguliwa mwaka 1984, miaka miwili baada ya bustani yenyewe, na Mfalme Hassan wa Pili alituma mafundi wake kutoka Moroko ili waje kupanga vigae, na kazi yao ni ya kutazamwa kwa karibu, kwa maana hakuna picha ya kiumbe hata moja, ni nakshi tupu kuanzia sakafuni hadi juu. Wakati wa tamasha Tangierine Café huuza mkate wa Kimoroko pamoja na vitoweleo vya kuchovya, na mishikaki. Mkate na vitoweleo ni chakula ambacho mzee anakielewa, kinaliwa kwa mkono, na watu watano wanaweza kula katika sahani moja bila ya kuulizana kijiko.

Baada ya hapo zimebaki Ufaransa, Uingereza na Kanada tu, na zote zipo njiani mnaporudi. Ufaransa wana duka la mikate, Les Halles, ambalo huwahi kufunguliwa na ambalo bei zake ni nafuu kuliko migahawa mingi humo ndani. Mkate wao mrefu na jibini ni mlo kamili. Uingereza mpelekeni kijana wa chipsi kwenye dirisha la samaki wa kukaanga. Atapata chipsi zake, na pembeni yake kuna samaki, na akiuonja mkia wa samaki hapo mtakuwa mmepata ushindi wa siku.

Nendeni siku ya katikati ya wiki. Jumamosi na Jumapili za tamasha wakazi wa Orlando hujaa pale kwa ajili ya vinywaji, na kufikia jioni umati huwa na kelele ambazo hutapenda mama azione.

Fundi wa Jiko

Naomba niongeze juu ya swali la mama la kutaka kujua ndani kuna nini, kwa sababu nimefanya kazi katika majiko ya hoteli kwa muda mrefu, ingawa si huko Disney, na najua mahali ambapo nguruwe na pombe hujificha.

Soseji na bekoni zinaonekana kwa macho. Hatari iko kwenye vitu vinavyoonekana safi. Mfano mzuri ni supu ya jibini ya Kanada, ambayo ni maarufu sana hapo EPCOT na kila mwaka watu hupanga foleni ndefu kwa ajili yake: ukiitazama utadhani ni maziwa na jibini tu, kumbe upishi wake unaojulikana una bekoni na bia. Tamu za Kiayalandi mara nyingi hutiwa krimu yenye wiski. Sosi nyingi za Kifaransa huanza na mvinyo kwenye sufuria. Katika upishi wa Kijapani, sosi tamu za kupakia nyama kwa kawaida huwa na mirin au sake, ambazo ni pombe za mchele, hata kama chakula chenyewe ni kuku na wali. Katika upishi wa Mexico maharage ya kupondwa yanaweza kuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Na huko kwenye samaki wa Kiingereza alikowaelekeza Jirani, ulizeni kama ule uji wa unga wa kuwapaka samaki umechanganywa na bia, kwa sababu Waingereza hufanya hivyo mara nyingi ili ganda liwe jepesi. Ulizeni pia mafuta yanayokaangia chipsi yamekaangia nini kingine. Vitamu vinavyotikisika vikombeni, navyo, huwa na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe.

Namna ya kuuliza ni muhimu kuliko swali lenyewe. Ukimwuliza kijana wa kibandani kama chakula ni halali, atakujibu kwa tabasamu lakini hatakuwa na hakika. Mwulize kitu kimoja kimoja: kuna nguruwe? kuna mafuta ya nguruwe? kuna jelatini? kuna mvinyo au bia kwenye sosi? Vibanda huwa na orodha ya vitu vinavyowadhuru baadhi ya watu, kama karanga na maziwa, na mwenye zamu anaweza kuitwa aeleze zaidi. Wafanyakazi wa Disney wamezoea maswali ya namna hii, hivyo mama asione haya.

Kuhusu uchinjaji, sitakuficha: msichukulie kwamba kuku au ng'ombe wa vibandani amechinjwa kwa sheria. Kama mama anashikilia hilo, basi siku yenu iwe ya samaki, mboga, mayai, jibini na mikate, na kwa bahati njema hivyo ndivyo vitu ambavyo EPCOT wanavipika vizuri zaidi. Kuna kibanda cha Brazili kwenye tamasha ambacho huuza vimikate vya jibini, pão de queijo, ambavyo unga wake hutokana na muhogo. Mwambieni mama hivyo, kisha mwacheni avichambue mwenyewe.

Jambo la mwisho upande wangu: orodha za vyakula vya vibanda hutolewa kwenye tovuti ya Disney kabla ya tamasha kuanza. Kaeni naye jioni moja hapo nyumbani mzisome pamoja. Mzee anayejua anakwenda kula nini haogopi, na nyinyi hamtakuwa mkibishana kwenye foleni huku watu wakisubiri nyuma yenu.

Baba Nassor, Sharjah

Salaam. Mimi sijafika Marekani, lakini swali la tatu la dada, la kumwonjesha mzee bila kumfanya ajione mzigo, tunalo kila msimu hapa kwetu tunapompeleka mama yangu Global Village, Dubai. Kwa wasiopajua, ni uwanja mkubwa wa mabanda ya nchi, mithili ya Sabasaba iliyotiwa taa na bembea, unaofunguliwa kuanzia Oktoba hadi kipindi ambacho joto la Ghuba linaanza kukaza, na watu huingia jioni hadi usiku wa manane. Kiingilio ni dirhamu chache. Nyama ni halali, kwa hiyo nusu ya wasiwasi wenu sisi hatuna. Nusu nyingine tunayo, kwa sababu mama naye ana sukari, na kule kila hatua ni luqaimat, yaani kalimati, zinazochuruzika asali ya tende, au aiskrimu ya Kituruki ambayo muuzaji anamchezea mtoto kabla ya kumpa.

Tulichofanya ni kumpa mama kazi. Yeye ndiye mwamuzi. Kila kitu kinachonunuliwa kinaletwa mbele yake kwanza, anakimega kidogo, anasema viungo anavyovitambua, na anatoa alama, wajukuu wanaandika. Kwenye banda la Yemen wauza asali hukuita uonje kwa ncha ya kijiko kabla ya kununua, na huko mama husimama akawauliza maswali mpaka muuzaji anatoa chupa iliyofichwa chini ya meza. Tangu tulipoanza utaratibu huo hakuna anayemwuliza kama atakula au hatakula, kwa kuwa mwamuzi huonja kidogo na heshima yake iko pale pale. Mama mkwe wako ni mpishi wa shughuli, dada. Mtu kama huyo ukimwambia "mama, tuambie hawa Wanorwe wamekosea wapi," utaona.

Mwalimu wa Minneapolis

Ndugu zangu wameeleza vyema, lakini kuna mahali natofautiana na Jirani. Anasema mkae kwenye vivuli. Mimi ni mtu wa Machakos, jua nalijua, na bado naona kwamba Florida, hata Oktoba, ina joto la unyevu ambalo humchosha mzee haraka kuliko jua kavu la nyumbani. Mtu mwenye kisukari anayemeza dawa kwa saa maalumu anahitaji mlo mmoja wa uhakika, mezani, ndani ya nyumba yenye hewa baridi, kwa saa iliyopangwa. Nafasi kwenye migahawa ya mezani huwekwa kuanzia siku 60 kabla. Hata kama mtaagiza sahani mbili tu za kugawana pamoja na maji, ule muda wa kukaa una thamani yake. Hapo dola 200 zitabana, hilo nakubali, na pengine vibanda vitapungua hadi vitatu. Ningependa hivyo kuliko vibanda sita na mzee mgonjwa.

La pili, mkitaka mama apate chakula kinachozungumza naye, kitafuteni nje ya EPCOT. Katika nchi zile 11, Afrika inawakilishwa na Moroko peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa banda la Afrika ya Ikweta ambalo halikujengwa kamwe, na mahali palipobaki kati ya China na Ujerumani pamewekwa kituo kidogo cha vinywaji chenye ngoma za kupigapiga, ambacho mimi hupita bila kugeuka. Miaka ya karibuni tamasha limewahi kuwa na kibanda cha Kenya, chenye nyama ya ng'ombe iliyopakwa kahawa ya Kenya na kachumbari pembeni. Kachumbari ilikuwa sawa. Ule uji mzito wa mahindi ulioandamana nayo uliitwa kwa jina la Afrika Kusini na ulikuwa na viazi vitamu ndani, na sijui Mkenya gani waliyemwuliza.

Badala yake, kama mna jioni nyingine huru, nendeni Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney iliyofunguliwa mwaka 2001, ambapo twiga na pundamilia hulisha nje ya madirisha. Hamhitaji tiketi ya bustani yoyote, mnahitaji kuweka nafasi ya meza tu. Humo kuna mgahawa wa Sanaa, ambao mapishi yake yamechanganya Afrika na Bara Hindi, na kuna sahani yao mashuhuri ya mikate: mnachagua naan na paratha za aina tano, zinakuja na vitoweleo tisa, kuanzia chatne ya embe na ya ukwaju hadi achari ya kitunguu saumu na pilipili. Kwa mtu wa pwani hiyo si safari ya ugenini. Haina nyama, inaliwa na watu wengi katika sinia moja, na nje ya dirisha watoto wanatazama twiga wakati wakubwa wanakula kwa amani. Katika hoteli hiyo hiyo kuna Boma, ambako mtu hujipakulia mwenyewe, nako ni kuzuri. Ila mwambieni binti wenu asimpelekee bibi yake vile vitamu vya mviringo vyenye mistari ya pundamilia, kwa sababu vimetengenezwa kwa Amarula, nayo ni pombe.

Mwanatanga wa Columbus

Nawashukuru sana nyote, na Mungu awalipe kheri. Nimemsomea mama mkwe majibu yenu baada ya chakula cha usiku. Alinyamaza mpaka tulipofika kwenye vimikate vya muhogo vya Wabrazili, hapo akauliza kama muhogo huo wameukausha au wameukuna mbichi, na sikuwa na jibu. Habari ya kuwa mwamuzi ameipokea kwa kusema kwamba hatatoa alama kubwa kwa mtu yeyote, na kijana wa miaka 9 ameshatafuta daftari.

Tumeamua hivi. Mume wangu na binti watazunguka upande wa Ujerumani na Japani kama Jirani alivyoeleza, na sisi tutapanda mashua. Tutakula Norway, Moroko na Uingereza, na Brazili tukikuta kibanda chake. Mlo wa mezani tumeuhamishia Sanaa jioni ya siku inayofuata, ili fedha ya EPCOT isiguswe; na badala ya mgahawa wa mchana nitabeba chakula cha mama, kama kinaruhusiwa. Je, kinaruhusiwa kweli? Pia kuna kijitabu cha tamasha ambacho binti ameona kwamba ukila sahani tano za jibini unapewa zawadi, naye ameshaipania. Na mvua ikinyesha tufanye nini?

Jirani wa Kissimmee

Kinaruhusiwa. Chakula chenu na vinywaji visivyo na kilevi mnaweza kuingia navyo, mradi visiwe kwenye vyombo vya kioo. Mkoba utakaguliwa mlangoni, basi. Mbebee mama mlo wake kamili pamoja na kitu kitamu cha dharura iwapo sukari itashuka, na dawa zake zikae kwako mkononi, zisiachwe kwenye gari, kwa sababu maegesho ni mbali na garini mna joto. Maji ya baridi yenye barafu hutolewa bure kwenye migahawa ya kuagizia dirishani. Ombeni kikombe tu. Hata kama mama anatembea vizuri, kodisheni kiti cha magurudumu mapema pale mlangoni, kwa kuwa haviwekewi nafasi na huisha. Asipokikalia, kitabeba mikoba na mtoto wa miaka 4.

Kijitabu hicho hutolewa bure na kina vibandiko vya kila kibanda, hivyo mchukueni kila mtoto wake. Mchezo wa jibini mimi ningemwachia binti na baba yake upande wao wa ziwa, kwa masharti kwamba asome viungo kwanza, kwa kuwa baadhi ya sahani za jibini zinakuja na bekoni au sosi ya mvinyo, na zawadi yenyewe ni ndogo. Ukiuacha mchezo ule uwachagulie chakula, mtajikuta mmesimama foleni kwa ajili ya mhuri.

Mvua ya hapa hunyesha kwa ghadhabu alasiri, kisha mara nyingi hukatika. Ikianza mkiwa Moroko, ingieni kwenye vichochoro vya maduka ya banda lile, na mkiwa Norway au Mexico rudini ndani ya piramidi, ambamo watu wengi hujificha lakini nafasi ni kubwa. Kukiwa na radi mashua husimama, kwa hiyo mkiona wingu jeusi kabla hamjavuka, msisubiri kila mtu apate School Bread yake. Vukeni kwanza, shemeji atainunua akiwa njiani.

Kuhusu muhogo wa Wabrazili: ule ni wanga wake, muhogo hukunwa mbichi, hukamuliwa, na kile kinachotuama chini ya maji ndicho hukaushwa. Mwambie mama.